Tathmini ya Circuitscape: Programu Inayomfuata Mnyama kwa Kanuni za Umeme

Kila mara barabara, reli, uzio au shamba kubwa linapopangwa katikati ya makazi ya wanyamapori, huzuka swali ambalo ramani ya kawaida hailijibu: mnyama aliyebaki upande huu atafikaje upande ule, na atapitia wapi? Circuitscape ni programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya swali hilo. Hulijibu kwa kuichukulia nchi yote iliyomo kwenye ramani kuwa sakiti ya umeme, na mnyama kuwa mkondo unaotafuta pa kupita. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuipenda na pia kugombana nayo, na tathmini hii inahusu toleo la 5, lililoandikwa kwa Julia, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Niseme mapema kwamba sijaona chombo kingine cha bure kinachoonyesha vizuri kama hiki umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja. Lakini ramani zake zinasomwa vibaya mara nyingi kuliko zinavyosomwa vizuri, na sehemu ya lawama hiyo ni ya programu yenyewe.

Wazo lake lilitoka kwa Brad McRae, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia ikolojia. Mwaka 2006 alichapisha hoja kwamba tofauti za kijenetiki kati ya jamii za viumbe hufuata ukinzani wa nchi iliyo kati yao, yaani ugumu wake wa kupitika, kuliko zinavyofuata umbali wa kilomita, na mwaka 2007, pamoja na Paul Beier, aliijaribu hoja hiyo kwa viumbe wawili wasiofanana hata kidogo: mti wa mahogani wa Amerika ya Kati, na wolverini, mnyama wa kaskazini aliye jamaa wa nyegere. Katika hali zote mbili mfano wa umeme ulieleza takwimu za jeni vizuri kuliko mifano ya zamani ya umbali na ya njia moja iliyo rahisi kuliko zote. Kuigeuza hoja hiyo kuwa programu kulihitaji mtaalamu wa hesabu za kompyuta, naye alikuwa Viral Shah, ambaye baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Julia. Ndiyo maana programu iliyokuwa imeandikwa kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta, ilihamia Julia. McRae alifariki mwaka 2017, lakini kazi inaendelea, na programu inapatikana bure pamoja na msimbo wake wote.

Anayeitumia huandaa mambo mawili. La kwanza ni rasta ya ukinzani, yaani ramani iliyogawanywa katika seli ndogo, kila seli ikiwa na namba inayosema ni vigumu kiasi gani kwa mnyama kuipita: msitu pengine 1, shamba 10, mji 100. La pili ni nukta au viraka vya makazi ambavyo tunataka kujua vimeungana kwa kiasi gani. Programu huziunga seli jirani kana kwamba ni vikinzani, yaani vipande vinavyopunguza mkondo wa umeme, vilivyofungwa pamoja, kisha huingiza ampea moja (kipimo cha mkondo) katika kiraka kimoja na kuitolea kingine, na kwa kanuni za Ohm na Kirchhoff, ambazo ni kanuni za msingi za umeme, hupata mkondo unaopita katika kila seli. Si mzaha wa kufananisha tu vitu visivyohusiana. Wanahisabati wamethibitisha kwamba ukinzani wa jumla kati ya nukta mbili za sakiti unalingana na muda wa wastani ambao mtembezi wa kubahatisha, anayechagua kila hatua yake bila kujua mbele kuna nini, angeutumia kwenda na kurudi. Kwa hiyo mkondo unaoonekana kwenye ramani una maana halisi: ni makadirio ya mara ngapi mtembezi huyo angepita mahali hapo akiwa njiani, ukiondoa hatua za kurudi nyuma.

Kabla ya kuiamini kwa ramani ya kweli, niliipa ramani za bandia ambazo majibu yake ningeweza kuyahesabu kwa kalamu, na ninamshauri kila mtumiaji mpya afanye hivyo hivyo. Ramani ya kwanza ilikuwa na viraka viwili vilivyoungwa na ushoroba, yaani njia ya wanyama, mwembamba wa seli moja wenye ukinzani wa jumla wa 10. Niliongeza ushoroba wa pili uliofanana nao, mbali na ule wa kwanza. Programu inayotafuta njia ya gharama ndogo zaidi haioni badiliko lolote hapo, kwa kuwa njia bora bado inagharimu 10. Circuitscape ikashusha ukinzani hadi 5, na kila ushoroba ukabeba nusu ya ampea. Nilipoufanya ushoroba wa pili kuwa mrefu maradufu, wenye ukinzani wa 20, jumla ikawa karibu 6.7, theluthi mbili za mkondo zikipita kwenye njia fupi na theluthi moja kwenye njia ndefu. Hapa ndipo penye thamani yote ya programu hii. Njia ya gharama ndogo humchukulia mnyama kana kwamba ameshika ramani mkononi na anaijua nchi yote, ilhali chui kijana anayefukuzwa katika himaya ya wazazi wake hajawahi kufika anakokwenda. Na kwa mpangaji, ushoroba wa pili, hata ukiwa mrefu na mbaya, si wa ziada tu: ndio unaobaki siku ule wa kwanza unapojengwa nyumba.

Jaribio la pili lilinifundisha jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Nilizidisha namba zote za ukinzani kwa 10, na ramani ya mkondo haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukinzani wa jumla tu, ambao nao ulizidishwa kwa 10. Kwa maneno mengine, namba zenyewe hazina maana peke yake, maana iko katika uwiano kati yake. Anayesema shamba ni 2 na mji ni 3 amechora nchi iliyo karibu tambarare machoni pa mnyama, na anayesema 100 na 1000 amechora kuta. Ubishi wa vikao vizima kuhusu kama mto upewe 40 au 50 ni kupoteza muda ikiwa hakuna aliyeuliza uwiano kati ya mto na msitu ulitoka wapi.

Ulitoka wapi, basi? Hilo ndilo swali ambalo Circuitscape hailijibu, wala haidai kulijibu, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Njia rahisi ni kuwaita wataalamu wakae mezani na kukisia. Njia ya pili, inayotumika sana, ni kuchukua ramani ya ubora wa makazi na kuigeuza kichwa chini, ili mahali pazuri pa kuishi pawe na ukinzani mdogo na mahali pabaya pawe na ukinzani mkubwa. Kasoro yake ni kwamba mnyama anayehama hachagui kama mnyama anayeishi. Mnyama kijana anayetafuta himaya huvuka mashamba, malisho na hata pembezoni mwa vijiji usiku, sehemu ambazo hangekubali kuzaa wala kushinda mchana, na ramani ya makazi iliyogeuzwa humwekea ukuta pale ambapo yeye huona uwanja wa kuvuka haraka. Njia ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza kila inapowezekana, ni kuyatafuta maadili ya ukinzani katika mienendo yenyewe: kola za GPS, yaani vifaa vya shingoni vinavyorekodi mahali mnyama alipo, zinaonyesha hatua ambazo mnyama alizichukua, na takwimu huzilinganisha na hatua ambazo angeweza kuzichukua na hakuzichukua. Data za namna hiyo si haba siku hizi. Mwaka 2018 ulitolewa uchambuzi wa mamalia 803 wa spishi 57 uliokuta kwamba katika maeneo yenye alama kubwa za shughuli za binadamu, wanyama walisafiri nusu hadi theluthi ya umbali waliosafiri wenzao wa maeneo yasiyoguswa sana. Ukinzani upo kweli, na unapimika; tatizo ni uvivu wa kuupima.

Nirudi kwenye programu. Kosa la usomaji ninalokutana nalo kuliko yote linahusu rangi. Ramani ya mkondo hutoka na mistari myekundu na ya manjano pale mkondo unapobanwa, na rangi hafifu pale unapotawanyika, na karibu kila asiyeijua husema kwamba pekundu ni muhimu na hafifu si muhimu. Lakini mkondo hutawanyika kwa sababu mbili zilizo kinyume kabisa. Unaweza kuwa mdogo kwa sababu seli hazipitiki, na unaweza kuwa mdogo kwa sababu seli ni nzuri mno na ni nyingi, hivi kwamba kila mnyama ana njia yake. Msitu mpana ambao haujakatwa huonekana hafifu kama lami ya mji. Nimeona mchoro wa mpango wa matumizi ya ardhi ambamo eneo bora kuliko yote lilipendekezwa kufunguliwa kwa mashamba kwa sababu ramani haikuwaka hapo, na hakuna mstari katika matokeo ya programu ambao ungemzuia mpangaji asifanye hivyo. Omniscape, programu dada inayotumia mtambo uleule wa hesabu, imelirekebisha hili kwa kugawa mkondo uliopatikana kwa mkondo ambao ungepatikana kama nchi ingekuwa na ukinzani sawa kote, ili mahali palipozuiwa patofautishwe na mahali palipo wazi. Sielewi kwa nini hatua hiyo isingekuwa ya kawaida katika Circuitscape pia.

Mbano wenyewe, hata hivyo, huuonyesha vizuri mno. Pale ambapo viraka viwili vikubwa vimebaki vimeungwa na mkanda wa miti wa mita mia chache, ramani huwaka kama waya wa taa, na mtu yeyote, hata asiyejua ikolojia, huelewa papo hapo kwamba mahali hapo pakizibwa hakuna pengine. Hali hiyo si ya nadra, kwani uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba 70% ya misitu iliyobaki duniani iko ndani ya kilomita moja kutoka ukingoni. Kwa mjadala wa mahali pa kuweka daraja la wanyama au njia ya chini ya barabara, ramani moja ya namna hii huokoa saa nyingi za maneno.

Zipo kasoro ndogo za kiufundi ambazo mtu huzigundua kwa kuumia. Ukingo wa ramani hufanya kazi kama ukuta, kwa hiyo mkondo unaokaribia ukingo hurundikana na kutengeneza shoroba ambazo hazipo. Dawa ni kupanua ramani kuvuka eneo linalokuhusu, kisha kulikata eneo la ziada baada ya hesabu. Nukta ukizirundika sehemu moja, sehemu hiyo itawaka kwa sababu tu kila jozi inaleta ampea yake, na kiraka kidogo hupewa ampea ileile anayopewa jirani yake aliye mkubwa mara mia. Kasoro iliyonichekesha, baada ya kunikasirisha, ni ya mito. Ukichagua kila seli iungwe na majirani wanane, mto uliochorwa kwa mshazari kwa unene wa seli moja huvuja: mkondo hupenya kwenye pembe, kati ya seli mbili za maji zinazogusana kwa ncha tu, kana kwamba hakuna mto. Ni lazima kuunenepesha mto, au kuchagua majirani wanne. Barabara zina tatizo hilohilo likiongezewa na lingine, kwani barabara ya mita 20 ndani ya seli ya kilomita moja ama hupotea kabisa ama huinyakua seli nzima.

Yote hayo hurekebishika. Yasiyorekebishika ni yale yaliyomo katika wazo lenyewe. Mkondo hauna kumbukumbu, na wanyama wanayo. Kwenye mpaka wa Ujerumani na Cheki, ambako uzio wa enzi ya Vita Baridi uliondolewa baada ya mwaka 1989, watafiti waliowafuatilia ayala wekundu, aina ya kulungu wa Ulaya, walikuta kwamba miongo miwili baadaye wanyama hao bado walikuwa wakigeuka nyuma karibu na pale uzio uliposimama, ingawa ayala haishi miaka mingi kiasi hicho. Watoto walijifunza kwa mama zao mpaka ambao haupo tena. Circuitscape ingewavusha wote siku uzio ulipong'olewa. Kinyume chake pia ni kweli: katika hifadhi ya Banff nchini Kanada dubu wakubwa walihitaji miaka kadhaa kuzizoea njia zilizojengwa juu na chini ya barabara kuu, kisha wakazitumia kwa wingi, na hakuna namba moja ya ukinzani inayoweza kuwa sahihi kwa mwaka wa kwanza na kwa mwaka wa kumi.

Vilevile, ukinzani hapa ni uleule kwenda na kurudi, ilhali mnyama huenda kwa urahisi kutoka eneo lililojaa kuelekea lililo tupu kuliko anavyorudi. Na katika matumizi ya kawaida hakuna anayekufa njiani: ampea inayoingia ndiyo inayotoka. Hili la mwisho linanisumbua kuliko mengine, kwa sababu barabara nyingi si ngumu kuingia hata kidogo. Mnyama huikanyaga bila kusita, na gari ndilo linalommaliza. Ukiipa barabara ukinzani mdogo kwa sababu wanyama huivuka, umeficha vifo; ukiipa mkubwa kwa sababu ya vifo, umewafanya wanyama waikwepe, jambo ambalo hawalifanyi. Ipo hali ya juu ya matumizi, ambamo mtumiaji huweka mwenyewe vyanzo vya mkondo na mahali unapopotelea ardhini, na kwa hiyo vifo huweza kuwakilishwa, lakini inahitaji ujasiri na hesabu ambazo mtumiaji wa kawaida hana.

Kuhusu uwekaji na kasi sina mengi. Julia huwekwa kwanza, kisha Circuitscape huongezwa kama kifurushi kwa amri moja, na mipangilio yote hukaa katika faili la maandishi ambalo programu husaidia kulijaza kwa maswali. Aliyezoea kubofya vitufe atanuna. Aliyezoea kuandika amri atafurahi kwamba faili lilelile linaweza kurudiwa mwakani na kutoa jibu lilelile. Ramani ya seli 1000 kwa 1000 ni sakiti yenye nodi (sehemu za kuungana) milioni moja, na nukta 50 ni jozi 1,225 za kuhesabiwa, kwa hiyo kumbukumbu ya mashine huisha kabla ya subira ya mtumiaji. Njia mbili za kutatua milinganyo zimewekwa: moja ina kasi kubwa lakini hula kumbukumbu nyingi, nyingine huenda polepole na hustahimili ramani kubwa. Kwa ramani ndogo tumia ya kwanza. Mwongozo ni wa Kiingereza, umeandikwa vizuri, ingawa unamchukulia msomaji kuwa tayari anajua tofauti ya volteji na mkondo.

Nimeulizwa kama ni bora kuliko Linkage Mapper, ambayo McRae pia alishiriki kuitengeneza na ambayo huchora shoroba za gharama ndogo kati ya viraka. Hazigombani. Ninapotaka mpaka wa ushoroba unaoweza kuwekewa mawe ya alama ardhini, natumia Linkage Mapper. Ninapotaka kujua ndani ya ushoroba huo mbano uko wapi na kama kuna njia nyingine, namaliza kwa Circuitscape. Kwa maswali ya eneo kubwa sana, kama vile uhamaji utakaosababishwa na mabadiliko ya tabianchi, Circuitscape imeonyesha uwezo ambao wengine hawana: ramani inayojulikana kwa wengi ya shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy, inayoonyesha spishi 2,954 za mamalia, ndege na amfibia wa mabara ya Amerika zikisogea kufuata hali ya hewa inayozifaa, ilitokana na hesabu za mtambo huu.

Kwa hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Ningempa bila kusita mwanafunzi wa ikolojia, mpangaji wa ardhi mwenye data za kola au za kamera za kutegwa, na mhandisi wa barabara anayetaka kujua kilomita ipi kati ya arobaini ndiyo ya kujengewa njia ya wanyama. Nisingempa mtu mwenye siku tatu za kuandika ripoti, asiye na data ya mnyama hata mmoja, anayetaka ramani yenye rangi za kuvutia kwenye jalada. Mimi mwenyewe sasa huigawa data ya mienendo nusu kwa nusu kabla ya kugusa programu: nusu hutengeneza rasta ya ukinzani, na nusu nyingine hubaki imefungwa mpaka ramani ya mkondo itoke, ndipo naziweka nukta za wanyama juu yake na kuona ni ngapi zilizopita palipowaka. Mara mbili hazikupita, na mara zote mbili nilirudi kuanza upya na rasta.